Klorokwini, haidroksiklorokwini, mepakrini au dapsoni: dawa ipi ya malaria inafaa kutuliza kinga ya mwili?

Dawa kadhaa zilizobuniwa ili kuua vimelea vya malaria hutumiwa leo na watu ambao hawana malaria kabisa. Ni watu wenye lupasi, baridi yabisi na magonjwa mengine ambayo seli za kinga huacha kazi ya kuulinda mwili na kuanza kuushambulia. Mgonjwa wa namna hiyo akiandikiwa dawa ya malaria hushangaa kwanza, kisha huuliza swali la haki: kama zote ni dawa za malaria, kwa nini daktari amechagua hii na si ile? Jibu ni kwamba kuua kimelea ni kazi moja na kutuliza seli ya kinga ni kazi nyingine. Dawa mbili zilizowahi kutibu malaria kwa mafanikio yanayokaribiana zinaweza kuachana mbali sana katika aina ya seli zinazozigusa, muda zinaouchukua kabla ya kuleta nafuu, na kiungo cha mwili zinachoweza kukidhuru.

Ulinganisho huu unazihusu hasa dawa nne, yaani haidroksiklorokwini, klorokwini, mepakrini na dapsoni, na unazigusa pia dawa za kundi la artemisinini kwa kuwa huulizwa sana. Niseme mapema kwamba kwa wagonjwa wengi wa lupasi haidroksiklorokwini ndiyo ya kuanza nayo. Haikupata nafasi hiyo kwa kuwa na nguvu kuliko zote. Imeipata kwa sababu mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi kwa hatari ndogo inayoweza kufuatiliwa.

Yanayotokea ndani ya seli

Ndani ya makrofaji, ile seli inayomeza bakteria na mabaki ya seli zilizokufa, mna vifuko vidogo viitwavyo lisosomu. Humo pH, yaani kipimo cha asidi, huwa kati ya 4.5 na 5, na vimeng'enya vinavyosaga protini huhitaji asidi hiyo ili vifanye kazi. Klorokwini ni besi dhaifu: ikiwa haina chaji hupenya utando wa seli bila shida, lakini ikishaingia kwenye kifuko chenye asidi hupokea protoni, hupata chaji, na haiwezi tena kutoka kwa urahisi. Hunaswa humo na kuendelea kurundikana hadi kiwango chake ndani ya lisosomu kikazidi kile cha kwenye damu kwa mamia ya mara au zaidi, huku asidi ya kifuko ikipungua. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayoiwezesha kupambana na malaria, kwani kimelea anacho kifuko chenye asidi anamomeng'enyea himoglobini, na dawa ikinaswa humo huzuia himu, mabaki yenye sumu ya himoglobini hiyo, isigeuzwe kuwa fuwele zisizomdhuru. Athari kwa seli za kinga, basi, si jambo la bahati mbaya lililojitokeza kando ya tiba; ni kemia ile ile ikifanya kazi katika chumba kingine.

Asidi ikipungua, mambo mawili makubwa hubadilika. La kwanza linahusu namna makrofaji, seli za dendritiki na limfosaiti B, zote zikiwa seli za kinga, zinavyozionyesha limfosaiti T, seli nyingine za kinga, vipande vya protini ambazo zimezimeza. Vipande hivyo huandaliwa na kupachikwa kwenye molekuli maalumu ndani ya vifuko vyenye asidi, kwa hiyo asidi ikipungua upachikaji nao hulegea. Maelezo yaliyopendekezwa na watafiti, nami nayaona yana mantiki, ni kwamba wanaoumia zaidi ni vipande vinavyoshika kwa udhaifu, ambavyo aghalabu hutokana na protini za mwili wenyewe, ilhali vipande vya vijidudu vinavyoshika kwa nguvu huendelea kuonyeshwa. Maelezo hayo yanaoana na jambo linaloonekana wazi kwa wagonjwa: haidroksiklorokwini hutuliza ugonjwa bila kumfanya mtu ashambuliwe ovyo na maambukizi, tofauti na steroidi za dozi kubwa na dawa nyingine zinazofifiza kinga kwa jumla.

Badiliko la pili ndilo lenye uzito zaidi kwa mwenye lupasi. Ndani ya vifuko hivyo mna vipokezi viwili, TLR7 na TLR9, ambavyo kazi yake ni kunusa RNA na DNA za virusi na bakteria. Katika lupasi vipokezi hivyo huchochewa na RNA na DNA za mgonjwa mwenyewe, zikiwa zimefungamana na kingamwili zilizotengenezwa kimakosa dhidi yake. Aina moja ya seli za dendritiki, iitwayo plazmasitoidi, ikichochewa hivyo humwaga interferoni alfa, kemikali ya kupeleka ishara kati ya seli, kwa wingi, na interferoni hiyo huziamsha seli nyingine, nazo hutengeneza kingamwili zaidi, na mzunguko huendelea. Klorokwini na haidroksiklorokwini huzuia vipokezi hivyo visiamke, kwa kuondoa asidi vinayoihitaji na kwa kujishika kwenye DNA na RNA zenyewe. Interferoni hupungua, na pamoja nayo hupungua saitokini nyingine, yaani kemikali za ishara, za uvimbe kama TNF na interlukini 6.

Hapo ndipo penye kipimo cha kwanza cha kuchagua. Pale ugonjwa unapoendeshwa na mzunguko wa interferoni, kama ilivyo katika lupasi, dawa hizi zina mahali pa kushika. Katika baridi yabisi, ambapo njia nyingine za uvimbe zina nguvu zaidi, msaada wake ni wa wastani, na mara nyingi haidroksiklorokwini hutolewa pamoja na dawa nyingine za ugonjwa huo, methotreksati na salfasalazini, badala ya kuachiwa kazi yote. Kuna pia mahali ambapo hoja ya maabara ilionekana kamili lakini wagonjwa hawakupata nafuu: katika ugonjwa wa Sjögren, ambao kinga hushambulia tezi za machozi na mate, jaribio lililofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2014 halikuonyesha kwamba haidroksiklorokwini inazidi dawa bandia katika kupunguza ukavu wa macho na mdomo, maumivu na uchovu kwa wiki 24. Funzo kama hilo lilirudi mwaka 2020, pale jaribio kubwa la RECOVERY nchini Uingereza lilipoonyesha kwamba dawa hiyo haikupunguza vifo vya wagonjwa wa COVID-19 waliolazwa hospitalini. Kabla ya matokeo hayo kutoka, watu wengi walikuwa wameshaikimbilia, na wagonjwa wa lupasi waliokuwa wakiitegemea kila siku walipata taabu kuipata madukani.

Haidroksiklorokwini na klorokwini

Klorokwini ilitengenezwa nchini Ujerumani mwaka 1934 na mwanakemia Hans Andersag. Haidroksiklorokwini ilifuata baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuidhinishwa Marekani mwaka 1955. Molekuli zake karibu ni zile zile. Tofauti ni kundi moja la haidroksili, yaani oksijeni na haidrojeni, lililoongezwa kwenye mkia wa ile ya pili. Kwa seli za kinga zote mbili hupita njia niliyoieleza hapo juu. Wapo madaktari wa ngozi wanaoona kwamba klorokwini huleta nafuu ya vipele kwa haraka zaidi, na huenda wana haki, lakini uamuzi kati ya hizi mbili haufanyiki kwenye seli za kinga. Hufanyika jichoni.

Dawa zote mbili hujishika kwenye tishu zenye rangi nyeusi nyuma ya retina na zinaweza kuiharibu pole pole sehemu ya katikati ya kuona. Klorokwini hufanya hivyo kwa urahisi zaidi. Chama cha madaktari wa macho cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri dozi ya haidroksiklorokwini isizidi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito halisi wa mtu kwa siku, na ya klorokwini isizidi miligramu 2.3. Kwa mtu wa kilo 60 hesabu ya haidroksiklorokwini inafika miligramu 300 kwa siku. Kwa kuwa vidonge vyake vya kawaida ni vya miligramu 200, daktari huweza kumwandikia kidonge kimoja leo na viwili kesho, na wastani ukawa sawasawa. Kwa klorokwini kuna mtego wa ziada: kidonge kilichoandikwa miligramu 250 za klorokwini fosfeti kina miligramu 150 tu za klorokwini yenyewe, na asiyetazama lebo vizuri anaweza kukosea hesabu upande wowote.

Dozi ikizingatiwa, hatari ya madhara ya retina kwa mtumiaji wa haidroksiklorokwini ni chini ya asilimia 1 katika miaka 5 ya kwanza na chini ya asilimia 2 hadi miaka 10, lakini hupanda na kukaribia asilimia 20 baada ya miaka 20. Ugonjwa wa figo huongeza hatari hiyo kwa sababu figo ndizo zinazosaidia kuitoa dawa mwilini, na tamoksifeni, inayotumiwa kutibu saratani ya matiti, huiongeza pia. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa kwanza wa macho hufanyika ndani ya mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka kuanzia mwaka wa tano, na mapema zaidi kwa wenye vihatarishi hivyo. Katika kipimo kimojawapo mgonjwa huweka kidevu mahali pake, hukaza macho kwenye nukta iliyo katikati, na hubonyeza kitufe kila aonapo mwanga mdogo ukimulika karibu na nukta hiyo. Mashine huchora ramani ya sehemu alizokosa kuona, na kipimo cha pili hupiga picha ya tabaka za retina. Vipimo hivi hugundua dosari kabla mgonjwa hajahisi chochote, na hapo ndipo penye thamani yake, kwani uharibifu uliokwisha kutokea haurudi nyuma na unaweza hata kuendelea baada ya dawa kusimamishwa.

Kwa hiyo, ikiwa zote mbili zinapatikana, ni vigumu kuitetea klorokwini kama chaguo la kwanza kwa mtu atakayemeza dawa kwa miaka. Kuzitumia kwa pamoja ni kosa, kwa sababu sumu zake kwa retina hujumlishwa wakati faida haiongezeki kwa kiasi hicho. Zote mbili zinaweza kurefusha kipindi cha umeme cha kila pigo la moyo, kiitwacho QT, na mtu anayetumia dawa nyingine zenye tabia hiyo amweleze daktari kabla ya kuanza.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi mapema ni kwamba haidroksiklorokwini haina haraka. Muda wa kiwango chake mwilini kupungua hadi nusu ni takriban siku 40, hivyo hujaa taratibu na kutoka taratibu. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na hukumu ya kweli hungoja miezi 3 hadi 6. Anayeiacha baada ya mwezi mmoja kwa kusema haijamsaidia hajaijaribu bado. Na anayeiacha kwa sababu amepona naye ajue kwamba katika jaribio la Kanada lililochapishwa mwaka 1991, ambamo wagonjwa 47 wa lupasi waliotulia waligawanywa kwa bahati nasibu, walioachishwa dawa walikuwa na hatari ya ugonjwa kuibuka upya iliyokuwa kubwa mara 2.5 kuliko walioendelea nayo. Hata mwenye lupasi anayepata ujauzito kwa kawaida hushauriwa aendelee nayo, kwa kuwa kuamka kwa ugonjwa ni hatari zaidi kwa mama na mtoto kuliko dawa yenyewe.

Mepakrini

Mepakrini, ambayo wengine huijua kwa jina la kwinakrini, ilimezwa na mamilioni ya wanajeshi katika Vita vya Pili vya Dunia ili kujikinga na malaria, na baadhi yao wakaona vipele na maumivu ya viungo yakipungua. Mwaka 1951 daktari Mwingereza Francis Page aliripoti matokeo mazuri kwa wagonjwa wa lupasi, na kuanzia hapo dawa za malaria zikaingia rasmi katika tiba ya ugonjwa huo, ingawa kwinini ilikuwa imeshajaribiwa London mwishoni mwa karne ya 19.

Nayo hujirundika kwenye lisosomu na hujishika kwenye DNA, na hupunguza utoaji wa TNF. Sifa yake kubwa ni kwamba haidhuru retina kwa namna dawa mbili za kwanza zinavyofanya. Ndiyo maana hutumiwa kwa njia mbili: kuongezwa juu ya haidroksiklorokwini pale vipele vya lupasi vinapokaidi, au kuwekwa mahali pake kwa mgonjwa ambaye macho yake yameanza kuharibika. Dozi ya kawaida ni miligramu 100 kwa siku.

Hasara zake ni mbili, moja ya kuudhi na nyingine ya kutisha. Ya kuudhi ni kwamba huigeuza ngozi kuwa ya manjano, jambo linaloonekana wazi zaidi kwa mwenye ngozi nyeupe, na linaloondoka dawa ikiachwa. Ya kutisha ni kwamba kwa nadra sana uboho unaweza kusinyaa na kuacha kutengeneza seli za damu, zikiwemo seli nyeupe ambazo tulikusudia kuzituliza tu. Kwa hiyo hesabu kamili ya damu hufuatiliwa mara kwa mara. Ugumu wa tatu ni wa kiutendaji: katika nchi nyingi haitengenezwi tena kiwandani, na mfamasia hulazimika kuichanganya mwenyewe.

Dapsoni, pale tatizo ni neutrofili

Dapsoni inajulikana zaidi kama dawa ya ukoma, lakini iliwahi kuunganishwa na kloroproguanili, dawa nyingine, kuwa tiba ya malaria, tiba iliyoondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu ya kuvunja seli nyekundu za damu. Dhidi ya kimelea huzuia utengenezaji wa foleti, vitamini ambayo kimelea anaihitaji. Dhidi ya uvimbe hufanya kazi tofauti kabisa. Huzuia mieloperoksidesi, kimeng'enya ambacho neutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hukitumia kutengeneza kemikali kali za kuulia vijidudu. Neutrofili zikijazana mahali pasipo na kijidudu, kemikali hizo huunguza tishu za mwili, na dapsoni hupunguza makali hayo.

Hivyo haishindani moja kwa moja na haidroksiklorokwini. Kwa vipele vyenye malengelenge vinavyotokana na neutrofili, kama dematitisi hapetifomi, ndiyo inayoshinda, na kasi yake ni ya kushangaza: mwasho huweza kutulia ndani ya siku chache, wakati haidroksiklorokwini ingekuwa haijaanza hata kujaa mwilini. Lakini haitibu utumbo, ambao katika ugonjwa huo nao umeathirika. Hilo huhitaji kuacha vyakula vyenye gluteni, protini ya ngano. Kwa lupasi, hutumika hasa pale lupasi yenyewe inapotoa malengelenge.

Gharama yake hulipwa na seli nyekundu. Karibu kila anayeitumia kwa dozi kamili hupoteza kiasi fulani cha seli hizo, na mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda seli hizo, anaweza kupoteza nyingi kwa ghafla, kwa hiyo kipimo cha G6PD hufanywa kabla ya kidonge cha kwanza. Kwa haidroksiklorokwini, upungufu huo aghalabu hauwi kizuizi. Katika wiki za mwanzo dapsoni pia inaweza kuzimaliza neutrofili au kuleta mzio mkali wenye homa, vipele na madhara ya ini, na homa yoyote ya kipindi hicho ni sababu ya kwenda kupimwa damu siku hiyo hiyo.

Artemisinini zisihamishwe kutoka kwenye malaria

Maabara zimeonyesha kwamba artesuneti na dawa nyingine za kundi la artemisinini huzuia limfosaiti T zisiongezeke kwa kasi na hupunguza ishara za uvimbe, na panya wenye maradhi yanayofanana na lupasi wamepata nafuu. Kwa binadamu ushahidi bado ni mdogo. Zaidi ya hapo, artesuneti huondoka mwilini kwa haraka mno, kwani kitu kinachozalishwa nayo, dihaidroatemisinini, hupungua hadi nusu kwa muda wa takriban saa 1. Hiyo ni sifa njema kwa dawa inayopaswa kuua vimelea upesi, na ni kasoro kwa dawa inayopaswa kuzibana seli za kinga mwaka mzima. Kuitumia holela kwa magonjwa sugu kungezidisha pia usugu wa vimelea, ambao tayari umethibitishwa Kusini-mashariki mwa Asia na katika baadhi ya nchi za Afrika Mashariki.

Kwa malaria kali mambo yanageuka, na hapo artesuneti ya sindano haina mpinzani. Katika jaribio kubwa la watoto wa Afrika lililochapishwa mwaka 2010, ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Sababu mojawapo imo kwenye wengu: dawa huua vimelea vikiwa bado vichanga, na wengu huving'oa kutoka ndani ya seli nyekundu na kuirudisha seli kwenye damu. Seli hizo zilizofanyiwa upasuaji huishi muda mfupi, na zikivunjika kwa pamoja mgonjwa anaweza kupungukiwa damu kati ya siku ya 7 na ya 21, wakati alikwisha kuruhusiwa kurudi nyumbani.

Kwa anayekunywa dawa ili asipate malaria

Msafiri anayekinga malaria hahitaji kutuliza kinga yake, na kwake ulinganisho huu unageuka kuwa wa tahadhari. Amodiakwini, dawa nyingine ya malaria, iliachwa kutumika kama kinga ya wasafiri baada ya kuonekana, katika miaka ya 1980, kwamba takriban mtu 1 katika kila 2,000 walioimeza kila wiki alipoteza neutrofili zake kwa kiwango cha hatari, na wengine waliumia ini. Mwili huigeuza kuwa kemikali kali inayojishika kwenye protini za seli, na inaelekea seli za kinga huichukulia kama kitu kigeni. Katika tiba ya siku 3, ikiambatana na artesuneti, hatari hiyo ni ndogo mno, na dawa bado inatumika.

Klorokwini nayo, hata katika dozi ndogo ya kujikinga na malaria, hupunguza kingamwili zinazotokana na chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa ndani ya ngozi, jambo lililoripotiwa mwaka 1986. Anayeitumia, na anayehitaji chanjo hiyo, aombe kuchomwa kwenye msuli, au amalize chanjo kabla ya kuanza vidonge.